Jinsi ya Kutambua Nani Anaamua Nini katika Chuo Kikuu cha Umma Tanzania

Malalamiko mengi kuhusu vyuo vikuu vya umma hayafiki popote kwa sababu yamepelekwa kwa mtu asiye na mamlaka ya kuyatatua. Mzazi humwandikia Waziri kuhusu matokeo ya mtihani ambayo Waziri hawezi kuyagusa. Mwanafunzi humwandama amidi, yaani mkuu wa skuli au kitivo chake, kuhusu fedha za kujikimu ambazo hazipiti mikononi mwa amidi. Mhadhiri aliyepandishwa daraja lakini hajabadilishiwa mshahara huilaumu menejimenti ya chuo, ilhali jambo lake limekwama Dodoma. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuufuata uamuzi hadi kwenye kikao au ofisi iliyoufanya, ili atakayeuliza aulize mahali panapopaswa kujibu.

Anza na hati iliyokianzisha chuo

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kilichofungamana na Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha kikasimama peke yake tarehe 1 Julai 1970 kwa sheria yake mahususi iliyotungwa na Bunge. Katika miaka ile Mwalimu Nyerere, akiwa Rais wa nchi, alikuwa pia Mkuu wa Chuo, na mstari kati ya dola na chuo ulikuwa mwembamba sana. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005, ambayo sasa ni Sura ya 346, ilibadilisha utaratibu huo kwa kuviweka vyuo vikuu vyote, vya umma na vya binafsi, chini ya sheria moja na chini ya msimamizi mmoja, na kwa kukitaka kila chuo kiendeshwe kwa hati idhini (kwa Kiingereza, charter) inayotolewa na Rais. Hati idhini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni ya mwaka 2007.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuitafuta hati idhini ya chuo unachokishughulikia na kuisoma kwa makini. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, jambo linalowanyima wazazi na wanafunzi wengi haki ya kuelewa chombo kinachowaongoza, na kwa maoni yangu kila chuo cha umma kingepaswa kuiweka hadharani pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili. Unapoisoma, tafuta mambo matatu: nani anamteua nani, kikao gani kina kauli ya mwisho katika jambo gani, na rufaa hupelekwa wapi. Angalia vilevile kama chuo chako ni chuo kikuu kamili au ni chuo kikuu kishiriki. Mkwawa cha Iringa na kile cha Elimu cha Dar es Salaam vina uongozi wao chini ya rasi, yaani mkuu wa chuo kishiriki, lakini ni vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada za wahitimu wao ni za chuo hicho mama. Anayepeleka suala la shahada kwa rasi peke yake amefika nusu ya njia.

Tenganisha Baraza na Seneti

Ndani ya chuo kuna vyombo viwili vikuu ambavyo watu huvichanganya. Baraza la Chuo ndilo lenye mali, fedha, mikataba, muundo wa utumishi na nidhamu ya wafanyakazi. Mwenyekiti wake katika chuo cha umma huteuliwa na Rais, na wajumbe wake hutoka serikalini, katika jumuiya ya wanataaluma, kwa wafanyakazi, kwa wanafunzi na nje ya chuo. Seneti ndiyo yenye taaluma: mitaala, kanuni za mitihani, matokeo, na idhini ya kutunukiwa shahada. Makamu Mkuu wa Chuo ndiye mtendaji mkuu anayeviunganisha vyombo hivi viwili, naye katika vyuo vya umma hutangazwa kwa uteuzi wa Rais. Mkuu wa Chuo, yule anayevaa joho siku ya mahafali na kutunuku shahada, ana hadhi kubwa kuliko wote lakini haendeshi shughuli za kila siku, na kumwandikia kuhusu chumba cha hosteli ni kupoteza muda wa kila mmoja.

Tofauti hiyo ina matokeo ya moja kwa moja. Mwanafunzi anayeamini kwamba alama zake zimekosewa aanze kwa mkuu wa idara, aende kwa amidi wa skuli au rasi wa ndaki, yaani mkuu wa kitengo kikubwa cha taaluma, na rufaa yake iishie katika kamati ya Seneti, akizingatia muda wa rufaa uliotajwa katika kanuni za mitihani, ambao huwa mfupi na hausubiri mtu. Hakuna Waziri, mbunge wala mkuu wa mkoa mwenye mamlaka ya kubadilisha alama, na ni vema ikabaki hivyo, kwa kuwa siku ambayo alama zitabadilishwa kwa simu kutoka nje, shahada za wote zitapoteza thamani pamoja na ya yule aliyesaidiwa. Kinyume chake, anayehoji ada, mkataba wa mgahawa, ujenzi wa bweni au matumizi ya ardhi ya chuo analenga mambo ya Baraza, na njia yake nzuri ni kumtumia mjumbe anayewawakilisha wanafunzi au wafanyakazi. Watu wengi hawajui hata jina la mjumbe huyo. Ulizeni serikali ya wanafunzi, kama DARUSO kwa Dar es Salaam, au chama cha wanataaluma, kama UDASA, ni nani anayekaa barazani kwa niaba yenu na ni lini aliwahi kuwaletea mrejesho.

Jua mipaka ya TCU, na vyuo visivyo chini yake

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilianza kazi tarehe 1 Julai 2005, ikichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu. Kazi yake si kuendesha vyuo bali kuvipa ithibati, yaani kuthibitisha kwamba vinakidhi vigezo, kuidhinisha programu za masomo, kuweka sifa za chini za kujiunga, kuthibitisha udahili na kutambua shahada zilizopatikana nje ya nchi. Kati ya mwaka 2010 na 2016 waombaji walituma maombi kupitia mfumo mmoja wa pamoja. Kuanzia 2017 wanaomba moja kwa moja chuoni, kisha vyuo hupeleka majina TCU kwa uhakiki. Kwa hiyo anayehoji kwa nini hakuchaguliwa akiulize chuo kwanza. Anayehoji kama programu inatambulika atafute TCU. Kabla ya kulipa shilingi yoyote, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili ambacho Tume hukitoa kila mwaka na uhakikishe kwamba jina la programu limo kama chuo kinavyolitangaza.

Hapa pana jambo linalowakwaza wengi. Taasisi kama Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) na Chuo cha Maji ni za umma na zinatoa shahada, lakini si vyuo vikuu, na msimamizi wake ni NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Zaidi ya hapo, si zote zilizo chini ya Wizara ya Elimu: IFM iko chini ya wizara ya fedha, CBE chini ya wizara ya viwanda na biashara, Chuo cha Maji chini ya wizara ya maji, na Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo kiko chini ya TAMISEMI. Swali la bajeti ya chuo cha namna hiyo huulizwa kwa wizara mama.

Fuata fedha na watu

Katika taaluma chuo cha umma kina uhuru mpana. Katika fedha na ajira uhuru huo hupungua sana, na hapa ndipo dola inapotawala kwa nguvu zaidi kuliko katika kifungu chochote cha hati idhini. Baraza hupitisha makadirio, lakini mishahara, matumizi mengineyo na fedha za maendeleo hutegemea bajeti ambayo Bunge hulipitishia fungu husika kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na kiasi kinachotolewa hutegemea Hazina inatoa nini na lini. Vivyo hivyo, chuo kinaweza kukosa wahadhiri katika idara nzima na bado kisiajiri, kwa sababu nafasi lazima ziwe katika ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na kibali kitoke Ofisi ya Rais, Utumishi. Mhadhiri ambaye kamati imempandisha kuwa mhadhiri mwandamizi ana barua mkononi. Mshahara mpya huja pale tu mabadiliko yanapoingia katika mfumo wa mishahara wa serikali. Anayedai haki hiyo aulize maswali mawili kwa maandishi: je, chuo kimewasilisha mabadiliko, na tarehe gani? Jibu la tarehe litamwonyesha mlango wa pili wa kubisha, na chama cha wafanyakazi kama THTU kinaweza kubisha kwa niaba ya wengi kwa wakati mmoja.

Miradi mikubwa ya ujenzi nayo hufuata njia yake. Majengo mengi mapya yanayoonekana katika vyuo vya umma leo yanatokana na mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 na kuratibiwa na Wizara ya Elimu, hivyo swali la kuchelewa kwa jengo la namna hiyo huulizwa chuoni na wizarani kwa pamoja.

Mikopo ya wanafunzi iko chini ya chombo kingine kabisa. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nayo hulipa ada chuoni na fedha za chakula na malazi kwa mwanafunzi, zile ambazo vyuoni huitwa boom. Boom inapochelewa, usianze kwa maandamano. Uliza dawati la mikopo chuoni kama usajili wako umekamilika, kama matokeo ya mwaka uliopita yamepelekwa Bodi, na kama umesaini. Sababu hizo tatu ziko chuoni. Zikiwa sawa, basi suala ni la Bodi, na ikiwa wanafunzi wa vyuo vyote wanalia siku hiyohiyo, suala liko Hazina. Aliyenyimwa mkopo au kupewa pungufu asubiri dirisha la rufaa na aambatishe vielelezo upya.

Kwa upande wa Zanzibar, elimu ya juu imo katika orodha ya Mambo ya Muungano, na TCU inavisimamia vyuo vikuu vya huko pia. Lakini Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar ni cha Serikali ya Mapinduzi, na Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya elimu ya juu.

Andika, na utunze nakala

Ukishajua mwenye uamuzi, mwandikie barua fupi yenye ombi moja, taja kifungu cha hati idhini au kanuni unayoitegemea, na udai muhuri wa mapokezi kwenye nakala yako. Ikiwa unachohitaji ni taarifa, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba, na mwenye taarifa anapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kwa masuala ya fedha, soma ripoti ya mwaka ya Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu mashirika ya umma kabla ya kuandika. Huenda hoja yako tayari imo, na mbunge aliyekabidhiwa ukurasa wa ripoti ana nguvu zaidi mbele ya kamati kuliko aliyekabidhiwa manung'uniko.

Pale ambapo ngazi zote za chuo zimekwisha na bado unaamini ulionewa, kwa mfano umefukuzwa bila kusikilizwa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya madaraka. Mahakama Kuu nayo inaweza kuupitia uamuzi wenyewe, ikichunguza kama utaratibu ulifuatwa, bila kusahihisha mtihani wako. Maombi ya kibali cha kufungua shauri la namna hiyo hupaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, kwa hiyo hesabu muda huo kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya kufukuzwa, hata kama rufaa ya ndani bado inaendelea, na wakili aonwe mapema.