Unataka kuwa afisa ustawi wa jamii? Kwa walio Tanga

Kabla ya kulipa ada, hakikisha hujachanganya kada mbili. Afisa maendeleo ya jamii anahangaika na vikundi na ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri. Afisa ustawi wa jamii kazi yake ni mtu na familia: mtoto aliyetelekezwa, madai ya matunzo, mzee asiye na wa kumtazama, mraibu anayetaka kuacha. Matangazo ya ajira hutaja fani kwa jina.

Mwenye D nne za kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, huanzia astashahada akapanda hadi stashahada. Kutoka hapo kwenda shahada, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wanataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Taasisi ya Ustawi wa Jamii iko Kijitonyama, Dar es Salaam; asiyeweza kuhama aulizie Chuo Kikuu Huria, kina kituo mkoani.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ndiyo inayomtengeneza mtu, na aliye Tanga ana bahati. Kuna mahabusu ya watoto, ambazo nchi nzima ni chache, na kuna Hospitali ya Bombo, ambako utajifunza kupima nani kweli anastahili msamaha wa matibabu. Barua ya kuomba fildi halmashauri huelekezwa kwa mkurugenzi. Ipeleke mapema, nafasi hujaa.

Kinachowaangusha wengi ni ripoti ya uchunguzi wa kijamii, ile inayosomwa mahakama ya watoto. "Mtoto ni mkorofi" si taarifa. Andika hajaonekana shuleni tangu lini, nani kasema, daftari la mahudhurio linaonyesha nini. Ulichokiona, ulichoambiwa na maoni yako visikae aya moja. Ukienda nyumbani pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ila usimhoji mtoto mbele yake. Ngamiani neno likitoka ndani asubuhi, jioni liko barazani. Wala usimwahidi mtoto kwamba hutamwambia mtu: akikueleza anaumizwa, lazima utoe taarifa.

Ajira za serikali huombwa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira. Andaa namba ya NIDA, cheti cha kuzaliwa na vyeti vilivyothibitishwa na wakili. Karatasi ya matokeo haishiki nafasi ya cheti. Barua ya maombi isainiwe. Kama cheti kinasema Mwanahamisi na NIDA inasema Mwanahamis, rekebisha sasa hivi, maana matangazo mengi hukaa wazi wiki mbili tu.