Sinema nyumbani: utenge chumba au ubaki sebuleni?

Mteja anayenipigia simu kuhusu sinema ya nyumbani mara nyingi ameshanunua projekta, ameshakipigia hesabu chumba cha wageni, na anachotaka kwangu ni kuja na drili. Kabla sijafika namuuliza: taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwako inatazamwa na nani, na wakati huo nani mwingine yuko sebuleni? Wengine wanaona namzungusha. Lakini jibu lake linaniambia mengi kuliko vipimo vya chumba.

Sebule zetu hapa Dar zina kazi nyingi. Mgeni anapokelewa hapo, watoto wanaandika kazi za shule hapo, shemeji aliyefika jana kutoka Singida analala kwenye kochi hilohilo, na siku ya Simba na Yanga majirani wanajaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Mtu anayetaka filamu ya urefu wa saa mbili na nusu, giza totoro, sauti juu, bila mtu kupita mbele, anadai kitu ambacho sebule haitampa hata akipachika TV ya inchi 85. Na mtu ambaye raha yake ni mpira na tamthilia pamoja na wenzake, ukimtengea chumba nyuma ya nyumba, atakitumia mwezi wa kwanza kwa sababu ni kipya. Baada ya hapo kinageuka stoo. Nimeingia kwenye vyumba vya hivyo: spika zimefunikwa shuka, gunia la mkaa limeegemea skrini, na pembeni feni mbovu inasubiri fundi.

Kwa hiyo, bandika karatasi kwenye friji kwa wiki moja. Kila TV inapowashwa, aandikwe aliyewasha, anachotazama, saa ngapi, na kama taa ilizimwa. Wiki ikiisha, angalia mistari ya baada ya saa nne usiku. Kama iko mingi, na kuna mtu anayetazama huku kidole kiko kwenye rimoti akipunguza sauti kwa ajili ya waliolala, una sababu ya chumba. Kama karatasi imejaa katuni, habari na mechi, baki sebuleni, na pesa ya chumba iongeze kwenye TV na spika.

Vipimo

Ukishajua watu, chukua futi. Pima kutoka macho ya mtu aliyekaa hadi ukuta wa picha, kwa sentimita. Gawanya kwa 4: hizo ndizo inchi za picha inayotosha, zikipimwa kona hadi kona. Gawanya kwa 3: hizo ni inchi za kujisikia uko sinema. Ukikaa mita 3 kutoka ukutani, inchi 75 zinatosha na inchi 100 ndizo za sinema.

Hesabu hiyo inavunja ndoto nyingi za chumba cha wageni. Chumba cha mita 3 kwa 3, ukiweka kochi na kuacha nafasi kidogo nyuma ya kichwa, kinakuachia mita 2 na ushee. Hapo picha yako ni ya inchi 70 hivi, yaani TV ya kawaida tu inayouzwa Kariakoo. Projekta ya nini? Mimi chumba kisichofika urefu wa mita 4.5 sikipendekezi kwa skrini ya inchi 100, kwa sababu unahitaji mita 3 mbele na zaidi ya mita moja nyuma, ili spika za nyuma zisikupigie kelele sikioni. Sebule nyingi zina urefu huo. Vyumba vya kulala vingi havina.

Kisha chora picha yenyewe ukutani kwa ule utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi. Inchi 100 ni upana wa sentimita 221 na kimo cha sentimita 125. Uache siku mbili tatu. Mama mwenye nyumba akiuona, mazungumzo yataanza yenyewe, na ni bora yaanze kabla ya kutoboa.

Kama ni projekta, tazama juu. Nyingi za kawaida zinataka umbali wa karibu mara moja na nusu ya upana wa picha, kwa hiyo inchi 100 zinahitaji kama mita 3.3. Katikati ya mita hizo, sebuleni, mara nyingi kunaning'inia pangaboi. Mapanga yake yakikata mwanga, picha nzima inapepesa, na hakuna wa kukubali kuzima feni mwezi Januari. Kuihamisha pangaboi ni kazi ya fundi umeme na ya fundi jipsamu pia, iingize kwenye bajeti tangu mwanzo.

Mwanga

Projekta hairushi weusi. Inarusha mwanga tu, na pale ambapo picha inatakiwa kuwa nyeusi, inachofanya ni kutorusha kitu. Weusi unaouona ni rangi ya ukuta wako ulivyo wakati huo. Kaa sebuleni saa tisa alasiri, uangalie ukuta mweupe mkabala na dirisha: weusi wa filamu yako kwa saa hiyo hautapita hapo, hata projekta iwe ya gharama gani. TV haina shida hiyo, skrini yake ikizimwa ni nyeusi tayari. Anayetazama mchana sebuleni anunue TV, sina la kuongeza.

Usiku ni habari nyingine, na hapa sisi wa karibu na ikweta tuna bahati. Saa moja usiku giza limeshaingia, iwe Juni iwe Desemba. Mwenzetu aliyeko Uingereza mwezi Juni anasubiri mpaka karibu saa nne usiku. Kwa hiyo sebule yenye mapazia mazito, yanayofika chini na kupitiliza fremu ya dirisha pande zote, inaweza kutumia projekta kila jioni. Mwanga unaobaki kusumbua ni taa ya ulinzi ya jirani.

Tatizo la pili ni rangi. Sebule imepakwa krimu na dari ya jipsamu ni nyeupe pe. Picha ikiwaka, dari inapokea mwanga na kuurudisha kwenye skrini, weusi unageuka kijivu. Chumba maalumu unakipaka kijivu kilichokolea, rangi isiyong'aa, dari pia, angalau nusu ya mbele. Ukipendekeza rangi hiyo sebuleni utaambiwa hapa si kibanda umiza, na aliyesema hivyo yuko sahihi, ingawa wenye vibanda umiza kwa suala la giza wametuzidi wote: gunia dirishani, turubai mlangoni, kazi imeisha.

Sauti

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Simama katikati ya chumba unachokifikiria, upige kofi moja kali. Chumba kitupu cha marumaru, bloku zilizopigwa plasta, kioo na jipsamu kitakujibu kwa mlio mfupi unaotetemeka, trrr. Mlio huo utakuwepo juu ya kila neno la filamu. Sasa kapige kofi sebuleni kwenye makochi mazito, zulia na mapazia. Mara nyingi panasikika pakavu zaidi. Watu hawaamini, lakini sebule iliyojaa vitu inatoa maneno yanayosikika vizuri kuliko chumba kipya kilichofungwa spika za bei mbaya na hakina hata zulia.

Angalia pia umbo. Chumba cha mraba kikimbie. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, na kuta zilizoachana mita 3.5 zinaipa nguvu besi ya hertzi 49 hivi. Chumba kikiwa 3.5 kwa 3.5, besi hiyohiyo inapewa nguvu mara mbili, urefu na upana. Matokeo yake sabufa inanguruma kwa aliyekaa ukutani, na aliyekaa katikati anajiuliza kama imewashwa. Dawa ya kwanza haina gharama: weka sabufa juu ya kochi unalokalia, cheza wimbo wenye besi, kisha utambae ukuta kwa ukuta, kichwa kikiwa karibu na sakafu. Besi ikisikika imenyooka na safi, hapo ndipo pa kuiweka sabufa. Utachekwa na watoto. Fanya hivyohivyo.

Trei za mayai usizibandike. Hazizuii sauti kutoka, besi hazigusi kabisa, na umejaza ukuta makaratasi yanayosubiri cheche. Kinachosaidia ni fremu za mbao zenye unene wa sentimita 10 zilizojazwa sufi ya mawe (rockwool, si ile ya mito), zikavishwa kitambaa kinachopitisha hewa, zikawekwa pembeni na nyuma ya msikilizaji. Mbao zipigwe dawa ya mchwa kabla ya kuvishwa.

Na sauti inayotoka je? Bloku ya inchi 6 yenye plasta pande mbili inazuia vizuri. Inapotorokea ni mlango wa flashi ulio mtupu ndani, matundu ya hewa juu ya dirisha, na darini. Hili la dari wengi hawalijui. Kwenye nyumba nyingi za chini ukuta wa ndani unaishia usawa wa jipsamu, na juu yake, chini ya bati, vyumba vyote vinachangia anga moja. Mlipuko wa filamu unapanda, unavuka, na kumshukia mtoto aliyelala chumba cha tatu. Kama unajenga, mwambie fundi apandishe kuta za chumba hicho mpaka kwenye bati. Kama umeshajenga, weka mlango wa mbao nzito wenye mpira pembezoni, tandika sufi hiyo ya mawe juu ya jipsamu, na punguza matarajio. Sufi hiyo itakusaidia na masika pia, maana mvua ya Aprili ikipiga bati, wahusika kwenye filamu wanabaki kuchezesha midomo.

Joto na umeme

Sebule inapumua kwa madirisha. Chumba cha sinema umeyaziba. Mtu aliyekaa tu anatoa joto la wati 100 hivi. Weka watu 8, projekta ya wati 300 na amplifaya ya wati 200, unapata wati 1,300, ambazo kwa BTU, kipimo cha AC, ni kama 4,400 kwa saa, kabla hujahesabu joto la bati. Bila AC hakuna filamu ndefu, na AC hiyo itakula yuniti za LUKU kila ukiingia. Tena chumba kilichofungwa wiki nzima, hasa huku pwani, kinaota ukungu kwenye zulia na hata kwenye lenzi. Kifunguliwe mara kwa mara hata kama hakuna kinachotazamwa.

Projekta ya taa, si ya leza, iunganishe na UPS, ile betri ya akiba. Umeme ukikatika ghafla feni yake inasimama taa ikiwa bado ya moto sana, na taa inakufa mapema.

Mtu anayejenga asikilize hili hata kama hajaamua. Kabla ya plasta, laza paipu ya milimita 32 kutoka nyuma ya TV hadi darini juu ya kochi, ipinde kwa upole, na uache kamba ndani. Ile ya milimita 20 ambayo fundi umeme anayo mkononi itapitisha waya wa taa, lakini kichwa cha HDMI, waya wa picha na sauti, kitagoma, na hapo ndipo mtu anaanza kukata kichwa cha waya mzima. Ukizidi mita 8 au 10 nunua HDMI ya faiba. Ina mwelekeo: upande mmoja umeandikwa chanzo na mwingine skrini, ukigeuza hupati picha, na waya umeshafukiwa.

Wateja wangu wengi wanaishia katikati: TV ukutani sebuleni kwa ajili ya mchana, na skrini ya kuvuta iliyofichwa juu, ndani ya pelmeti, inayoshuka mbele yake usiku. Spika ni zilezile. Spika ya kati, inayobeba maneno, iwe chini ya TV usawa wa masikio, hivyo TV isipachikwe juu kama picha ya harusi. Kwa familia yenye sebule moja na chumba cha wageni kidogo, huu ndio ushauri wangu bila kusita.

Mpangaji asitoboe chochote. Achukue stendi, zulia nene na mapazia. Akihama anaondoka navyo vyote.