Masika: kagua ukope wa kondoo kabla ya kununua dawa

Mvua za Machi hadi Mei huku kanda ya ziwa zinaotesha majani mazuri, na minyoo nayo inashamiri. Kila baada ya wiki mbili, fungua ukope wa chini wa kila kondoo, mchana kwenye mwanga. Ndani kukiwa kwekundu, mwache. Kukiwa kweupe, au ukiona uvimbe laini chini ya taya, minyoo inamnyonya damu: mpe dawa siku hiyohiyo. Kunywesha kundi zima kila mara, wazima kwa wagonjwa, ndiko kunakozalisha minyoo sugu.

Pima uzito kwa mizani. Kukadiria kwa macho huishia kwenye dozi pungufu. Albendazoli (dawa ya minyoo ya kunywesha) ya asilimia 2.5 ni mililita 2 kwa kila kilo 10, ila jike aliyepandwa ndani ya mwezi mmoja uliopita asipewe. Pitisha sirinji pembeni mwa mdomo, kichwa kikiwa usawa. Ukikiinua juu, dawa inaingia mapafuni.

Wanaochungwa kwenye majaruba ya mpunga au ufukoni penye konokono wanahitaji pia dawa ya minyoo bapa ya ini. Levamizoli, dawa nyingine ya minyoo, haiigusi kabisa. Na asubuhi wafungulie umande ukishakauka.