Ukisikia mvua ya radi inakuja, funga mfuko wa mbolea

Kila msimu ni yale yale. Utabiri wa siku tatu unatangaza mvua kubwa ya radi na hatari ya mafuriko ya ghafla, na jioni hiyo hiyo mashamba yanajaa watu wenye ndoo za yurea, ile mbolea ya chembe nyeupe ya kukuzia mahindi. Wanaiwahi mvua. Keshokutwa mbolea iko mtoni, na maswali yananijia: mbona mahindi hayabadiliki rangi, au niliuziwa mbolea feki? Haikuwa feki. Uliitia saa chache kabla ya gharika.

Kosa hili lina mzizi, na mzizi wenyewe ni sisi maofisa ugani tuliowaambia kwamba yurea inataka unyevu. Ni kweli. Ikiachwa juu ya udongo bila kufukiwa, sehemu ya naitrojeni, yaani chakula cha mmea kilichomo ndani yake, hupotea hewani kama gesi ya amonia. Ila yurea huyeyuka upesi kama chumvi, na siku za mwanzo udongo hauishiki. Maji yakiondoka, huondoka nayo. Mvua inayoifaa ni ya milimita 10 hadi 15, inayonyesha polepole. Mvua ya radi inaweza kushusha milimita 40 ndani ya saa moja, na udongo uliolowa tangu juzi hauna pa kuyaweka maji hayo.

Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo milimita 60 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita 240,000. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una kilo 23 tu za naitrojeni. Piga hesabu mwenyewe: kilo hizo ndani ya maji yote hayo.

Jambo jingine linalowaponza wengi ni asilimia. Utabiri ukisema "asilimia 80", hausemi mvua itakuwa kali kiasi gani. Unasema uwezekano wa kunyesha. Kinachokuhusu ni milimita, na muda zitakaomwagika. Zikitajwa chini ya 20 kwa siku nzima na shamba halijalowa sana, tia mbolea. Zikifika 25 au zaidi, au ikitajwa radi na mvua kali ya muda mfupi, acha. Wala usiniambie utawahi asubuhi kwa kuwa radi nyingi hujengeka alasiri. Muda wa saa sita tu hautoshi yurea kushikwa na udongo.

Kusubiri siku tatu hadi tano hakuharibu mahindi ya kimo cha goti. Mvua ikipita, ngoja maji yaliyotuama yaishe, kisha siku moja au mbili zaidi. Finyanga udongo mkononi: donge likipasuka ukilisukuma kwa dole gumba, ingia shambani. Likinata kama ugoro uliolowa, rudi nyumbani.

Hapo ndipo kipimo kina maana. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, ekari ina mimea karibu 18,000, hivyo mfuko mmoja ni chini kidogo ya gramu 3 kwa mmea: robo tatu ya kijiko cha chai kilichosawazishwa, wala si konzi. Chimba sentimita 5 kwenda chini, sentimita 10 kutoka kwenye shina, upande wa juu wa mteremko, kisha FUKIA. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu nimechoka kuona chembe nyeupe zinang'aa juu ya ardhi.

Kama ulishatia jana na tahadhari imetoka leo, fukia unapoweza, basi. Usiongeze mfuko wa pili mara tu mafuriko yakiisha, maana mizizi iliyokosa hewa nayo hugeuza majani njano. Ngoja wiki moja. Majani ya chini yakiwa bado yanakauka kuanzia nchani kufuata mshipa wa kati, kwa umbo la V, ongeza nusu mfuko. Majani mapya yakitoka ya kijani, umepona.

Na ukisikia ngurumo ukiwa na jembe mkononi, toka, usijibanze chini ya mti, na usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Mfereji usiuvuke kwa sababu tu juu yako kumekauka. Mvua inaweza kuwa imenyesha huko juu, na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanamwangusha mtu mzima. Mifuko iliyobaki ipandishe juu ya chanja leo, kabla maji hayajaingia ghalani.