Mbegu ya mahindi huchaguliwa shambani, si ghalani

Kila baada ya mavuno ya masika, kwenye vijiji vya tambarare ya Moshi na Arumeru mambo ni yale yale. Lundo la mahindi limemwagwa uani, mwenye shamba anachambua yaliyo makubwa kuliko yote, anayafunga kwa maganda yake na kuyaning'iniza juu ya jiko. Hiyo ndiyo mbegu ya mwakani. Baada ya miaka michache bwana shamba anaitwa kuelezwa kwamba mbegu imeharibika na haiendani tena na mvua za hapa. Ni kweli haiendani, ila mliofanya hivyo ni ninyi wenyewe, kwa mikono yenu, pale uani.

Nasema na wanaotunza mbegu za kienyeji au aina zisizo chotara kama Situka, Staha na Kilima. Mwenye chotara anunue upya kila msimu, tusibishane.

Hindi huwa kubwa kwa sababu kadhaa. Huenda jirani zake hawakuota, likabaki na nafasi peke yake. Huenda lilisimama pale mbolea ya zizi ilipomwagwa. Hayo mawili mtoto wake hayarithi. Au mmea wake ulichelewa kukomaa, ukapata siku nyingi zaidi za kujaza punje, na hilo hurithiwa. Kwa hiyo anayechagua ukubwa kwenye lundo anachagua uchelewaji bila kujua, kila mwaka siku chache, na siku hizo zinajumlika. Masika ya hapa ni Machi hadi Mei. Hindi linahitaji maji kupita wakati wowote kuanzia wiki mbili kabla ya ndevu hadi wiki mbili baada yake. Shamba lililosogezwa hadi kutoa ndevu katikati ya Juni linachavusha kwenye udongo mkavu, na mnavuna mahindi yenye mapengo.

Tena mmea wenyewe hamjauona. Wakati mnachambua, mabua yameshapakiwa kwenye pikapu kupelekwa mlimani kwa ng'ombe. Nani atakumbuka lipi lilikuwa na ugonjwa wa milia kwenye majani, lipi lilianguka kwa upepo, lipi maganda yake hayakufunika ncha wadudu wakaingia? Hindi lililomenywa halisemi.

Kosa la pili ni uchache. Mahindi 20 yakiwa wazazi wa shamba zima, baada ya misimu michache kila mmea ni ndugu wa mwenzake: mabua yanadumaa, mahindi yanapungua, na kinga ya ugonjwa mliyokuwa nayo inaweza kupotea kwa bahati mbaya tu, kwa kuwa haikuwemo kwenye yale 20. Halafu kuna anayeshusha mbegu ya kihamba cha juu, yaani shamba la nyumbani kule mlimani, kuipanda tambarare. Kila mita 1,000 unazoshuka joto huongezeka kama nyuzi 6. Mbegu iliyozoea baridi na mvua ndefu inakuja kufanya nini kwenye shamba la chini?

Fanya hivi. Gawa shamba mafungu 10 yanayolingana, na kila fungu litoe mimea 20. Usiruhusu kona yenye samadi ikupe yote. Usichague kwenye mistari 7 ya ukingoni kila upande, maana chavua ya chotara ya jirani huangukia zaidi ukingoni. Haizuii yote, kujitenga kwa uhakika kunataka mita 200, au kupishana na jirani wiki 4 katika kupanda, na mashamba yetu tunayajua. Usichague mmea ambao jirani zake wa mstari mmoja hawapo.

Siku mimea 10 kati ya 100 ikiwa na ndevu, anza kufunga alama. Chana kiroba cha zamani vipande vya upana wa vidole viwili, funga kwenye bua chini ya hindi, kwa kulegeza. Funga kwa siku 7, basi. Siku ya 8 ukiona mmea mzuri kupita yote, uache! Hapa ndipo wengi wananiudhi: wanarudi wiki ya tatu na kamba mfukoni kwa sababu wameona bua nene. Kwa waliopanda katikati ya Machi, kaa macho kuanzia katikati ya Mei.

Wiki mbili kabla ya kuvuna, pita tena ukifungua alama kwa yaliyoanguka, yenye milia, yenye ncha wazi. Kati ya 200 yakibaki 100 hadi 150 inatosha. Yakibaki 60, usijazie kutoka kwenye lundo. Changanya na ya mwenzako aliyechagua hivi hivi kwenye ukanda wenu. Vuna haya kabla ya mengine, na toa punje sawa kwa kila hindi, za katikati tu, hata kama lingine ni kubwa mara mbili.

Ukiona shamba linatoa ndevu karibu kwa pamoja na mvua bado ipo, umepatia.

Kabla ya kuhifadhi, tia punje kwenye chupa kavu pamoja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika mbili, subiri kumi. Chumvi ikinata kwenye chupa, rudisha juani. Na punje zilizotobolewa na scania, yule dumuzi wa ghalani, zisiingie kwenye debe la mbegu, hata moja.