SOMO: Kuchagua na kufunga pete nyepesi za darubini ya bunduki

Swali ni lilelile kila wiki: "Pete nyepesi zinashika kweli?" Zinashika. Zikiteleza, mara nyingi kosa si la alumini bali la aliyezifunga. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Kabla ya lolote: toa risasi, toa bolti, chungulia mtutu.

1. Kipenyo cha bomba. Inchi 1 (mm 25.4), mm 30 au mm 34. Pete ifanane na bomba. Hakuna kujaza kwa mkanda.

2. Kiti kilichopo kwenye bunduki. Kuna bunduki zenye matundu ya skrubu juu ya risiva (mwili wa bunduki unaoshika mtutu na bolti), zenye reli, na zenye mkia wa njiwa (ukingo mpana juu, mwembamba chini) uliochongwa kiwandani. Tikka T3 ina mkia wa mm 17, CZ 550 ina mm 19, na bunduki nyingi za upepo na za .22 zina mm 11. Kwenye reli, usichanganye aina mbili, Picatinny na Weaver: mfereji unaokatiza reli ya Picatinny una upana wa mm 5.23, wa Weaver mm 4.57. Pete ya Weaver huingia kwenye Picatinny ikiwa na mchezo kidogo. Pete ya Picatinny kwa kawaida haiingii kwenye Weaver.

Kama unatafuta wepesi hasa, pete iliyochongwa kipande kimoja na besi yake (sehemu ya chini inayofungwa kwenye risiva) ndiyo jibu. Hakuna reli, viungo ni vichache. Seti ya chuma pamoja na besi zake hufika gramu 200 kirahisi. Hizi huwa kati ya gramu 60 na 100. Ila kama darubini yako ina gramu 900, anza kupunguza huko kwanza.

3. Madini. Kwa ujazo uleule, alumini ina uzito wa kama theluthi moja ya chuma. Titani ni zaidi kidogo ya nusu. Tafuta alumini ya 7075-T6. Ile ya 6061-T6 inafaa, lakini nguvu yake ni karibu nusu ya 7075, kwa hiyo pete yake inatakiwa iwe nene zaidi. Skrubu ziwe za chuma. Anayekuuzia skrubu za alumini ili "uokoe gramu 4" mwache na gramu zake.

4. Kimo. Hapa watu wengi hununua mara mbili, kwa sababu watengenezaji hawapimi kimo kwa namna moja. Wengine hupima kutoka besi hadi katikati ya bomba, wengine hadi chini ya bomba. Kwa bomba la mm 30 tofauti ni mm 15. Pima hivi: laza rula juu ya risiva (au juu ya reli, kama ipo), ielekee mbele, kisha pima nafasi kati ya rula na mtutu pale kioo cha mbele kitakapokaa. Tuseme ni mm 4. Kioo cha mm 50 huwa na gamba la nje la kama mm 57, kwa hiyo nusu yake ni 28.5. Ongeza mm 3 za kupumua, toa 4: unahitaji mm 27.5 hadi katikati ya bomba, au 12.5 hadi chini yake. Kisha hakikisha mkono wa bolti haugongi kioo cha nyuma unapoinuka. Chukua pete ya chini kabisa inayopita vipimo hivyo. Ikiwa juu mno, shavu linaachana na kitako.

5. Skrubu za besi. Soma hii mara mbili. Kwenye pete za kipande kimoja, skrubu za besi zinakaa chini ya bomba. Ukishalaza darubini huzioni tena wala huzifikii, na moja ikilegea utafungua kila kitu na kulenga upya kuanzia mwanzo. Ndiyo maana hatua hii haina haraka.

Safisha matundu na skrubu kwa spiriti hadi mafuta ya kiwandani yaishe. Kisha jaribu skrubu moja moja: weka besi, kaza skrubu moja tu, shika besi uitikise. Skrubu imekaza lakini besi inacheza? Skrubu ni ndefu, imefika mwisho wa tundu kabla ya kubana. Itoe, ipunguze kwa tupa kiasi cha nusu mzunguko wa meno, rudia. Ile ya mbele kabisa ndiyo mkorofi zaidi, kwa sababu chini yake kuna meno ya mtutu au njia ya masikio ya bolti. Rudisha bolti, ichezeshe. Ikikwaruza, bado ni ndefu. Na ikiwa fupi kiasi cha kushika mizunguko isiyofika mitatu, usiitumie.

Usibadilishane besi ya mbele na ya nyuma. Kwenye Remington 700, kwa mfano, risiva ya nyuma iko chini kuliko ya mbele, hivyo besi hazilingani vimo.

Zote zikikubali: tone dogo la gundi ya skrubu ya bluu, kaza kwa bisibisi ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) hadi Nm 2 (nyutoni-mita) hivi kwa skrubu za 6-48 (namba 6, meno 48 kwa inchi). Karatasi ya mtengenezaji ikisema tofauti, ifuate. Gundi mbichi hulainisha meno, kwa hiyo usizidishe. Acha ikauke usiku kucha.

6. Laza darubini. Iweke kwenye ukuzaji wa juu kabisa, isogeze hadi uone duara kamili bila kuvuta shingo. Simamisha msalaba kwa kuulinganisha na uzi wenye timazi.

7. Vifuniko, yaani nusu za juu za pete. Skrubu za vifuniko hazipakwi gundi wala mafuta. Kaza kwa mshazari, kidogo kidogo, nafasi ya kushoto na kulia ibaki sawa, hadi Nm 1.7 au 2. Ukipitiliza, bomba linabonyea na pete ya ukuzaji ya darubini inakuwa ngumu kuzungusha. Meno ya skrubu ndani ya alumini yakiliwa ndiyo basi, pete ni ya kutupa.

---

Bomba30: Mkuu nina darubini ya mm 30, ninunue pete gani?

Mtoa somo: Hatua ya 2 na ya 4. Bila aina ya bunduki na kipenyo cha kioo cha mbele siwezi kukujibu, na hata fundi hawezi.

Jicho Kali: Somo zuri. Nina swali: kwenye reli, wanasema pete isukumwe mbele ndani ya mfereji kabla ya kukaza. Mbona bunduki inapiga teke kurudi nyuma?

Mtoa somo: Swali zuri sana hili. Bunduki ndiyo inayorudi nyuma. Darubini inataka kubaki ilipo. Ukiangalia kutoka kwenye reli, ni kama darubini inakimbilia mbele. Kwa hiyo ukingo wa mbele wa mfereji ndio unaoivuta. Ukiacha nafasi pale, pete itaipata yenyewe kwa risasi chache na shabaha itahama. Kwa makadirio, bunduki ya .308 ya kilo 3.5 pamoja na darubini hufikia kama mita 2.7 kwa sekunde ndani ya milisekunde moja na kitu. Darubini ya nusu kilo inahitaji kuvutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 100 ili ifuate. Na bunduki ikiwa nyepesi zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi: pete nyepesi huwekwa kwenye bunduki zinazopiga teke kali kuliko zote.

Jicho Kali: Basi darubini nzito itafutiwe pete za skrubu sita badala ya nne?

Mtoa somo: Ukivuka gramu 700 na risasi ya magnamu (yenye baruti nyingi), ndiyo, au pete pana zaidi. Kinachoshika bomba ni msuguano, na skrubu mbili za ziada zinakupa mbano zaidi bila kuzidisha torki ya kila moja.

Shabaha Moja: Mimi nakaza kwa mkono miaka yote, sijawahi kuona tatizo. Bisibisi ya torki ni mbwembwe.

Mtoa somo: Vizuri. Mkono wako haukuja na kipimo, na mimi siwezi kuutuma kwa wasomaji wengine. Nm 2 ninaweza.

Kasiba: Gundi nyekundu je? Si ndiyo inashika zaidi?

Mtoa somo: Hapana. Nyekundu hadi uipashe moto mkali ndipo itoke, na moto huo hautaki ukaribie pete wala darubini.

Mpole: Samahani mwalimu, pete nyepesi zinahitaji kusuguliwa ndani kwa unga wa msasa kama za chuma?

Mtoa somo: Usianze na hilo. Ukisugua unaondoa ngozi ngumu ya juu ya alumini, na watengenezaji wengine hufuta dhamana. Pima kwanza: kaza kifuniko cha nyuma, cha mbele kiache wazi. Bomba limekaa chini kwenye pete ya mbele, au limeinuka au kuegemea upande? Likiwa limekaa, acha. Likiwa limeinuka, tatizo ni besi na risiva, si pete. Fundi ataweka kibati chembamba au epoksi chini ya besi.

Upepo55: Na bunduki ya upepo ya springi? Pete zangu zinatambaa kwenye mkia wa mm 11.

Mtoa somo: Springi hupiga pande mbili, nyuma kisha mbele. Tafuta pete yenye pini ya kuzuia iingie kwenye tundu la risiva. Kama hakuna tundu, funga kizuizi tofauti nyuma ya pete ya nyuma. Angalia pia kama darubini yenyewe imetengenezwa kwa bunduki ya upepo, maana teke hilo la kwenda na kurudi huua vioo vya kawaida.

Kasiba: Nyongeza: baada ya kukaza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Ikizunguka utaona mstari umekatika.

Mtoa somo: Hiyo nzuri. Chora pia kwenye bomba, ukingoni mwa pete ya nyuma, ujue kama darubini imeteleza. Kwenye skrubu za besi haitakusaidia, huzioni.

Mpole: Rangi hiyo inatokaje?

Kasiba: Asetoni kwenye pamba, kidogo. Isifike kwenye kioo.