Jinsi ya kuiweka sawa Fairlady Z ya 1971 kwenye Gran Turismo 7

Bandani kwangu Kisauni, Mombasa, watu hulipia kucheza Gran Turismo 7, gemu la mbio za magari, na kuna kijana huja karibu kila Jumamosi. Hulipa saa yake, huchagua Nissan Fairlady 240ZG, kisha humwaga pesa zote za gemu kwenye injini. Kona ya pili tu, yumo nyasini, uso wa gari umeelekea alikotoka. Halafu ananigeukia: "Ami, pedi yako mbovu."

Pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea, haina neno. Ameanza kujenga nyumba kwa paa.

Hilo gari analolitupa nyasini ni ndugu wa damu wa Datsun 240Z (Datsun ni jina jingine la magari ya Nissan) iliyochukua mbio za magari za East African Safari mara mbili: 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann na Hans Schüller, na 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo wa 1973 Mehta alifungana pointi na Harry Källström, naye pia alikuwa kwenye Datsun. Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyefika mbali zaidi kabla ya kuanza kutozwa pointi. Marehemu babangu alikuwa fundi wa madigadi, na kila Datsun ilipoingia gereji hadithi ilianza upya, hata kama mwenye gari ana haraka. Kwa hiyo mnisamehe nikiwa mkali kidogo.

Kwanza lijue gari lenyewe. Ile ZG ndiyo yenye pua ndefu na madigadi ya kuongezea. Injini yake ni L24, silinda sita kwenye mstari mmoja, cc 2,393, kabureta mbili, na kiwandani ilitoka na nguvu farasi 150. Uzito ni tani moja na kidogo. Matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Hapo ndipo raha ilipo, na hapo hapo ndipo watu wanapoumbuka: ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, na matairi ya nyuma yanabaki yamegusa lami kwa heshima tu. Mkia unatoka. Ukiongeza farasi mia kabla ya kutibu tabia hiyo, umeongeza ugonjwa.

Basi tuanzie chini. Badilisha mafuta ya injini kabla ya kupima chochote, maana yakichakaa nguvu inapungua, nawe utadhani marekebisho yako ndiyo mabaya. Kisha matairi. Mimi huweka yenye alama SM, yale ya michezo, laini wastani. Vijana wanapenda RS, yale laini ya mashindano, lakini hayo yanapandisha PP (alama ambazo gemu hulipa gari kwa uwezo wake) bure na yanakuficha makosa. Siku ukiingia mbio zinazoyakataza, unakuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza.

Sasa miguu. Nunua ile seti ya springi na shokapu inayokubali kurekebishwa kila kitu. Ukiona gari limeshushwa mpaka linalamba lami, hiyo ni ya kupigia picha. Mimi hulishusha kidogo tu, kwa sababu nikienda Nordschleife, ule uwanja wa Ujerumani, kilomita ishirini na zaidi za matuta na mabonde, gari la chini sana linapiga tumbo na kuruka. Ugumu wa springi gemu huupima kwa Hz, yaani mitikisiko kwa sekunde: naanza na 2.10 mbele na 2.20 nyuma. Vile vyuma vinavyozuia gari kulala upande kwenye kona, cha nyuma kiwe laini kuliko cha mbele kwa namba moja au mbili. Matairi ya nyuma yaelekeze vidole ndani kidogo, 0.15 yatosha. Ukizidisha, gari linakuwa zito kugeuka, pua inakataa kuingia.

Difu, ile inayogawa nguvu kwa matairi mawili ya nyuma, ndiyo nitakaa nayo, kwa sababu ndiyo watu wanairuka. Umewahi kuona gari limekwama mchangani, tairi moja linazunguka kama feni na jingine limetulia kama halihusiki? Difu ya kawaida hufanya hivyo hivyo ukitoka kwenye kona: tairi la ndani, lililopungukiwa uzito, linachezea nguvu yote. Ile difu ya kurekebisha inayafunga mawili yafanye kazi pamoja, nayo ina namba tatu, kila moja kutoka 5 hadi 60. Ya kwanza ni ya kudumu: nimeweka 10. Ya pili inafanya kazi ukikanyaga mafuta: 25. Usikimbilie 50, maana matairi mawili yakifungwa sana yatateleza pamoja, na mkia utakupita. Ya tatu inafanya kazi ukiachia mafuta au ukishika breki, na ndiyo dawa ya ugonjwa tuliousema. Anza na 15. Ukiona mkia bado unachomoka unapoachia mafuta, panda 20. Gari likianza kunyooka badala ya kukata kona, rudi chini.

Breki zisikuchukue muda: sukuma mgawanyo kidogo upande wa mbele, basi.

Giaboksi, nunua ya kurekebisha, upange mwendo wa juu ulingane na uwanja. Tsukuba, uwanja mdogo wa Japani, ni mita 2,045 tu, hakuna mahali pa kukimbia kilomita 240 kwa saa.

Hapo sasa, gari likishatulia, fungua mlango wa injini. Ekzosti, kusafisha njia za hewa, kemshafti. Lakini kutanua silinda fikiri mara mbili, kwani hairudishwi. Utake usitake, mpaka ununue injini mpya. Nina ushahidi. Kijana mmoja alitanua silinda za gari langu nilipokuwa nje nikitafuta bando (gemu hili bila intaneti linakuwa nusu mfu), nikarudi nikakuta PP zimepita kikomo cha mbio nilizokuwa nikijiandalia wiki nzima. Tangu siku hiyo akaunti yangu ina neno la siri.

Rangi nayo ina haki yake. Langu ni jekundu, boneti jeusi lisilong'aa, namba 11 mlangoni, kama lile la 1971. Halikimbii zaidi, lakini wazee wanaopita dirishani husimama.

Kupima, nenda Tsukuba mizunguko kumi. Kizuizi cha matairi kuteleza kiweke 1, ukizoea weka 0. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja na uandike kwenye daftari. Anayebadilisha vitatu pamoja hajui kipi kilimponya. Mtihani wenyewe ni kona ya mwisho, ile ndefu ya kulia baada ya mnyoosho wa nyuma. Shika breki usukani ukiwa umenyooka. Iachie taratibu huku ukiingia, kisha kabla ya katikati ya kona rudisha mafuta kidogo, robo ya kibonyezo, uishike hapo hapo. Usiguse kingine. Utalisikia gari linakaa chini kwa nyuma, sauti ya silinda sita inapanda, na pua inajisogeza yenyewe kuelekea ukingo wa nje. Ukilazimika kurekebisha usukani zaidi ya mara moja kabla ya kufika huko, rudi kwenye ile namba ya tatu ya difu.